Kuvua mshipi maji ya kina na washkaji na watoto: mwongozo kamili wa safari ya Oktoba na Novemba (Dar)

Kila mwaka kusi (ule upepo wa kutoka kusini) likishapoa watu wananiuliza swali lile lile, na kila mwaka wanarudi na hadithi ile ile: tulikodi boti, tukaenda mbali, watoto wakatapika, mishipi ikajisokota, tukapata samaki watatu saizi ya kiganja na hela ikaenda. Ukiwauliza mlienda lini wanakwambia Jumamosi. Jumamosi sio jibu jamani, maji yalikuwaje hiyo Jumamosi? Hapo wanabaki kuangaliana.

Basi leo naandika yote. Naongelea boti ya fiberi kutoka Kunduchi, Msasani au Kigamboni, mshipi wa mkono, kina cha pima 10 mpaka 15 (kama mita 18 mpaka 27), samaki wa kwenye miamba ya chini: changu, kelea, chewa. Habari za kuburuza chambo kutafuta nguru na jodari ni safari nyingine kabisa na watoto hawaiwezi. Na ukiwa na mtoto chini ya miaka sita mwache tu nyumbani, ukimchukua utashinda unambembeleza yeye na mshipi hutaushika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujampigia nahodha

Vya uhai:

- Laifu jaketi kwa kila kichwa. Za watoto ziwe za kilo zao, zenye ule mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue. Jaketi likipanda mpaka masikioni halimfai, ndani ya maji litamvuka.
- Simu mbili za mitandao tofauti, zimechajiwa, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Filimbi na tochi. Boti ikizima enjini sauti yako haifiki popote.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto sana. Sio ya chai tu, nitaeleza kwenye hatua ya 8.
- Koleo, mkasi, kisu, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda.

Vya kuvulia:

- Mshipi wa nailoni unaohimili mvuto wa kilo 20 hadi 25, mita 80 kwa kila mvuvi, umeviringishwa kwenye kibao au chupa. Mwembamba zaidi ya hapo unakata vidole vya watoto, mnene zaidi unakamatwa na mkondo.
- Ndoana za aina mbili. Za mdomo wenye upana wa ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya changu, na kubwa mara mbili ya hapo kama unamtaka chewa. Chukua 40, utarudi na 15.
- Chubwi (vipande vya risasi vya kuzamisha mshipi) za gramu 150, 200 na 300, nyingi, maana miamba inakula. Risasi zikikosekana tumia plagi za zamani za gari mbili tatu zilizofungwa pamoja.
- Chambo: ngisi kilo moja na vibua kilo moja kwa watu sita. Ngisi mgumu, samaki wadogo hawamnyofoi kirahisi. Kibua ananuka vizuri ila anaisha haraka.
- Beseni moja kwa kila mshipi. Watu wanalidharau hili beseni halafu ndilo linaokoa siku nzima.
- Kasha la barafu, na barafu ya kutosha.

Vya tumbo na mwili: maji ya kunywa lita mbili kila mtu, viazi vya kuchemsha, ndizi, biskuti kavu, pipi za tangawizi, kofia, mashati ya mikono mirefu, na ndoo yenye khanga mbili. Hiyo ndoo ndio choo na khanga ndio mlango. Usijidai kwamba mtaenda masaa sita na watoto bila hilo jambo kutokea.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Hapa ndipo 9 kati ya 10 wanapoharibu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwahiyo mkondo huko nje unakuwa kama mto. Unashusha chubwi ya gramu 200, inakwenda zake nyuma ya boti, haigusi chini, unaweka nzito zaidi, mtoto hawezi kuivuta. Mmeshindwa kabla hamjaanza.

Unataka maji mafu. Yani mwezi 8, 9, 10 au 22, 23, 24 kwa hesabu ya mwezi wa kuandama, hapo maji yanacheza kama mita moja tu na mkondo ni mpole. Kuna faida nyingine, siku za maji mafu kwetu maji yanakuwa yamepwa alfajiri na yanajaa taratibu mpaka saa nne kwenda saa tano asubuhi. Ndio masaa unayoyataka na watoto.

Kwanini Oktoba na Novemba: kusi limeisha nguvu, kaskazi bado halijashika, huu ndio wakati wa matlai, bahari inalala. Ila vuli nazo ndio zinaanza, kwahiyo jioni ya kuamkia safari angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), wanatoa na wa baharini. Wakisema upepo mkali au mawimbi makubwa unaahirisha, hata kama Anko ameshanunua ngisi. Ngisi anakaa friza.

Hatua ya 2: Boti na nahodha

Boti ya mita 7 au 8 isibebe zaidi ya watu wanane pamoja na nahodha na msaidizi wake. Kanuni yangu: kila mtoto ana mtu mzima wake mmoja, ambaye jina lake linatajwa nchi kavu, "wewe wa Amani, wewe wa Neema". Ukisema "tutawaangalia wote" basi ujue hakuna anayewaangalia.

Nenda siku moja kabla ukaione boti kwa macho. Muulize nahodha maswali haya na umwangalie usoni anavyojibu:

1. Enjini ya akiba ipo? Iwashe niione.
2. Mafuta utaweka kiasi gani? Jibu zuri: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya kukaa kwenye tangi bila kuguswa.
3. Kamba ya nanga ina urefu gani? Kwa kina cha mita 20 nataka isipungue mita 60. Kamba fupi inavuta nanga juu badala ya kuilaza, boti inatembea na nyie mnadhani mko juu ya mwamba.
4. Tunavua wapi?

Hilo la nne ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, baadaye wakaongeza Sinda na Makatumbe upande wa Kigamboni. Huko unaruhusiwa kuogelea na kula chipsi, sio kuvua. Nahodha akikwambia "pale nyuma ya Mbudya kuna changu wengi" anasema kweli, wengi kwa sababu hawavuliwi, mwache. Habari ya leseni ya kuvua kwa burudani kamuulize afisa uvuvi au watu wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi) hapo hapo ufukweni, usije ukaanza kubishana na doria mbele ya watoto.

Hatua ya 3: Usiku wa kabla

Funga mitego ya mshipi nyumbani, mezani, kwenye taa. Kwenye boti inayoyumba huwezi kufunga fundo na mtoto anakuvuta shati.

Inavyofungwa: chubwi inakaa chini kabisa. Panda sentimita 40, toa tawi la kwanza la mshipi lenye urefu wa kiganja na nusu, weka ndoana. Panda tena nusu mita, tawi la pili, ndoana ya pili. Basi. Ndoana mbili zinatosha, watu wanaweka tano wakidhani watapata samaki watano na wanachopata ni kiota cha ndege.

Siri ya wazee: ile chubwi usiifunge kwa mshipi wenyewe, ifunge kwa uzi dhaifu zaidi. Ikinasa kwenye mwamba unavuta, uzi unakatika, unapoteza chubwi peke yake na ndoana zako mbili zinarudi, labda na samaki.

Ndoana za watoto zibane kile kimwiba cha ndani kwa koleo mpaka kilale. Samaki mmoja mmoja atachomoka, sawa. Lakini ndoana ikiingia kwenye kidole cha mtoto inatoka ilipoingilia na safari inaendelea.

Tia alama mshipi kwa uzi wa rangi kila pima tano. Wape watoto hiyo kazi, wafungue mikono wapime, ila ujue pima ya mtoto wa miaka tisa haifiki mita na nusu, sahihisha kimyakimya.

Dawa ya kichefuchefu: nenda famasia mapema, waambie umri na kilo za mtoto, wakupe inayomfaa. Nyingi zinafanya kazi ukinywa kabla. Mkishaanza kutapika mmechelewa, kidonge nacho kinarudi juu. Usiku huo msile mafuta mengi, na asubuhi chai ya tangawizi na mkate mkavu. Ile supu ya ng'ombe na chapati mbili pale stendi ya saa kumi na moja alfajiri ndio inayowaaibisha watu wazima.

Mwisho, mwambie mtu wa nchi kavu: boti gani, mmetokea wapi, mnaelekea wapi, mnarudi saa ngapi, na ikifika saa fulani hamjarudi apige 112 na ampigie mwenye boti.

Hatua ya 4: Kutoka

Muwe mmeondoka saa 12 kamili. Watoto wakae katikati ya boti, hapo panayumba kidogo kuliko omo (mbele) na tezi (nyuma), na mbali na harufu ya petroli. Waangalie mbali, minazi ya pwani au mstari wa bahari na mbingu. Simu marufuku. Mtoto anayeangalia katuni kwenye mawimbi hamalizi dakika ishirini.

Mtoto akianza kunyamaza, akapauka midomo na kupiga miayo, hiyo ndio dalili, usisubiri atapike. Msogeze kwenye upepo, mpe pipi ya tangawizi, mpe kazi ya kutafuta ndege.

Hatua ya 5: Kupata mwamba na kutia nanga

Nahodha mzuri ana alama zake, mnara fulani ulingane na jengo fulani. Wenye mashine ya kuonyesha kina wanatafuta pale chini panapoinuka ghafla. Wewe kazi yako ni kuhakikisha vitu viwili.

Kwanza, nanga ishushwe mbele ya mwamba, upande mkondo unakotoka, kwenye mchanga, halafu kamba iachiwe mpaka boti irudi ikae juu ya mwamba. Ukiitupa juu ya mwamba wenyewe unavunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki, na uwezekano mkubwa nanga hutaiona tena.

Pili, na hili naomba ulisome mara mbili: nanga inafungwa kwenye omo. Kamwe isifungwe kwenye tezi. Nyuma ndiko chini na ndiko kuna uzito wa enjini, mkondo ukivuta na wimbi likija maji yanaingia kwa mkupuo. Mimi nilishawahi kuwa kwenye boti ambayo kijana alifunga nyuma "kwa dakika mbili tu", tukapata maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, tukateka kwa beseni na makopo na hata kofia, na ilikuwa siku ya shwari.

Utajua mmetulia hivi: chagua alama mbili nchi kavu zinazofuatana, moja mbele ya nyingine. Baada ya dakika tano kama bado zimelingana, nanga imeshika.

Hatua ya 6: Kuvua kwenyewe

Mishipi minne tu kwa wakati mmoja, hata kama mko wanane. Mmoja omo, mmoja tezi, mmoja kila ubavu. Wa omo aweke chubwi nzito kuliko wote, wa ubavuni ya kati, wa tezi nyepesi. Sababu yake: mkondo unatoka mbele kwenda nyuma, kwahiyo mshipi wa mbele ukiwa mwepesi unakwenda kulala juu ya mishipi ya wenzake. Ukiwa mzito unashuka wima, na ule wa nyuma unajiendea zake. Jambo hili moja litapunguza misokoto kuliko kelele zote mtakazopiga.

Chambo kikate vipande virefu vyembamba kama kidole kidogo cha mkono, ndoana ipite mara mbili na ncha ibaki nje. Bonge kubwa la ngisi linawafurahisha vikande tu, wanalidonoa pembeni mpaka liishe.

Sasa mfundishe mtoto. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, usizungushwe mkononi hata mara moja. Rudia hilo. Samaki mzito akikata kushuka na mshipi umezungushwa kwenye vidole, unakata nyama. Achia uteleze taratibu, hesabu alama: tano, kumi, kumi na mbili... halafu mshipi unalegea ghafla. Hapo chini pamefika. Kama iligonga kwa kishindo kinachofika mpaka kwenye kidole, ni mwamba. Kama ilizama kimya kama inakaa kwenye unga, ni mchanga, mwambie nahodha aongeze au apunguze kamba. Ikigonga, pandisha kama nusu pima, usiiache imelala, itanasa.

Kisha ni kusikiliza kwa kidole. Vidonodono vya harakaharaka kama mtu anabisha hodi kwa kucha ni wadogo wanaiba. Changu anakuja na mvuto mmoja, anaachia, anarudi na wa pili anaondoka nao, huo wa pili ndio wa kuvuta. Vuta mara moja kwa nguvu juu, mpaka mkono upite bega, halafu mkono kwa mkono bila kusimama, ukisimama mshipi unalegea na anachomoka.

Chewa ni habari nyingine. Unavutwa kwenda chini mara moja, nzito, halafu kimya kama umenasa kwenye jiwe. Kila mtu atakwambia umenasa. Hujanasa, ameingia kwenye shimo lake na ametanua mashavu. Usigombane naye. Legeza mshipi kabisa, ushikilie tu, subiri dakika mbili tatu, ukisikia unatembea tembea tena vuta kwa haraka usimpe nafasi ya pili. Mpwa wangu wa miaka kumi alimtoa mmoja wa kilo nne kwa njia hii huku wajomba watatu wanamwambia kata huo mshipi tufunge mwingine.

Mshipi unaopanda uangukie kwenye beseni mbele yako, duara juu ya duara, beseni liwe na maji kidogo upepo usiupeperushe. Hakuna mtu kupita juu ya beseni la mwenzake.

Watoto wapeane zamu kwa dakika, kumi kumi. Ukisema "akipata samaki anampisha mwenzake" yule asiye na bahati atashika mshipi saa nzima na kulia. Dakika ishirini mfululizo bila kuguswa kwenye mishipi yote, ng'oeni nanga sogeeni. Watu wanakaa sehemu moja masaa matatu kwa sababu ya uvivu wa kuvuta kamba.

Hatua ya 7: Samaki akiingia botini

Samaki wa kina anaweza kuja na macho yametoka na kitu kama puto mdomoni. Watoto wataogopa. Waeleze: hewa iliyo tumboni mwake ilibanwa na maji kule chini, amepanda haraka imetanuka. Ndio maana pia mdogo aliyetoka pima 15 ukimrudisha anaelea tu. Kwahiyo mkiona mnatoa wadogo watupu, hameni, msikae mnarudisha maiti. Kasa akinasa, kata mshipi karibu na mdomo kadiri unavyoweza, aende zake, analindwa na sheria.

Ambao hawashikwi na mtoto: tasi (miiba ya mgongoni ina sumu), ngogo, mkunga (anang'ata na haachii), taa, na yoyote anayefanana na jiwe lenye macho. Bunju, yule anayejijaza kama mpira, anarudishwa baharini na haliwi. Sumu yake inaua na haiishi kwa kupika, msimsikilize mtu anayejua "namna ya kumtengeneza".

Waliobaki: wapige kichwani mara moja, wapasue koo damu itoke, moja kwa moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji kidogo ya bahari. Samaki anayepigapiga kwenye jua kwa saa nzima nyama yake inakuwa kama pamba.

Hatua ya 8: Mambo yakienda kombo

Mwiba wa sumu: toa mwiba, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyovumilia bila kuungua, dakika 30 mpaka 90. Ndio ile chupa ya chai. Changanya na ya baridi kwanza, jaribu kwa mkono wako wewe uliye mzima, maana mwenye maumivu hajui kipimo. Halafu hospitali.

Ndoana yenye kimwiba imezama kidoleni: usivute kurudi. Kata mshipi, funga bandeji isicheze, rudini. Karibu na jicho usiiguse kabisa.

Wingu jeusi lenye mstari chini yake na upepo wa baridi wa ghafla: mishipi juu, ng'oa nanga, sasa hivi. Nanga ikigoma kata kamba. Usimwachie nahodha auonee uchungu ule mwamba wa samaki, wala wewe usimuombe dakika kumi.

Mtoto ametapika mara tatu na hanywi maji: safari imeisha kwa wote. Hili mkubaliane nchi kavu kabla, mbele ya yule shemeji anayependa kusema "atazoea".

Hatua ya 9: Kurudi

Saa 5 mishipi inaviringishwa, hata kama wanakula. Upepo wa mchana ukishaamka mnarudi mnapigwa na maji ya chumvi njia nzima na watoto wameshachoka. Saa 6 na nusu muwe mmegusa mchanga, mpigie yule mtu wa nchi kavu mwambie mmefika.

Paa na safisha samaki hapo hapo ufukweni, maji ya bahari yapo na kunguru wanasubiri utumbo. Wape watoto wahesabu na kugawa: fungu la nahodha na msaidizi wake kwanza, ndio utaratibu, halafu yenu. Mkipata changu kumi na tano wa sahani na chewa mmoja kwa mishipi minne, hiyo ni siku nzuri sana. Changu mbichi huyo mkate mistari ubavuni, ndimu, chumvi, pilipili, mkaa. Mishipi suuza na maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo, ukiiacha na chumvi mpaka kesho ndoana zote zinakuwa na kutu.